Ukiambiwa figo moja itoke: maelezo ya dereva aliyekwishatolewa

Nimeendesha lori miaka 19, njia ya Dar hadi Tunduma, kisha kuvuka kwenda Lusaka na mara nyingine Lubumbashi. Figo yangu ya kushoto haipo. Ilitolewa nikiwa na miaka 46, na tangu habari hiyo ienee njiani, kila nikisimama mizani ya Vigwaza au nikikwama kwenye foleni ya Tunduma hakosi dereva wa kunivuta pembeni: "Kaka, na mimi nimeambiwa yangu itoke. Wewe ulifanyaje?" Nimeeleza sana kwa mdomo, na kila mara nasahau jambo. Leo nayaandika.

Kukata na kushona ni kazi ya daktari, sitaigusa. Mgonjwa naye ana kazi yake, kabla ya kulala mezani na baada ya kuamka, na wengi hawaambiwi kwamba kazi hiyo ni yao.

Ilivyokufa yangu

Dereva wa safari ndefu hanywi maji, maana akinywa atasimama, na ukisimama katikati ya mlima wa Kitonga na tani 28 mgongoni, walio nyuma yako watakutukana mpaka babu yako. Mkojo wangu ulikuwa kama chai ya rangi. Mkojo mzito namna hiyo hugandisha chumvi, na chumvi hujenga mawe. Jiwe moja likashuka, likakwama kwenye mrija unaotoa mkojo kwenye figo kuupeleka kibofuni.

Kiuno kikauma upande wa kushoto. Nikasema ni kiti cha lori. Nilikuwa nanunua diklofenaki maduka ya dawa ya njiani kama mtu anayenunua karanga, bila cheti, bila kuulizwa swali. Baada ya miezi kadhaa maumivu yakaisha yenyewe, nikafurahi kweli. Kumbe mkojo uliokosa pa kwenda ulikuwa umerudi nyuma, umeivimbisha figo na kuikandamiza nyama yake mpaka ikaacha kazi. Ilikuwa imechoka kulalamika. Nilikuja kujua mwaka mmoja baadaye, homa iliponiangusha Makambako na mkojo ukawa unanuka usaha.

Kwanza uwe na hakika kwamba lazima itoke

Sababu za kutoa figo si moja. Wapo kama mimi, figo imekufa kwa mawe au kwa mrija ulioziba, imebaki kufuga usaha. Wapo wenye kansa. Wapo waliougua kifua kikuu cha figo, na wapo waliopata ajali ikapasuka na damu ikakataa kusimama. Na wapo wazima kabisa wanaompa ndugu yao. Kwetu Tanzania upandikizaji ulianza Muhimbili Novemba 2017, na Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ikafuata 2018. Mtoaji figo atayakuta mengi ya huku kwenye maelezo yangu, ila yeye huchunguzwa kuliko sisi, kwa kuwa anaingia chumba cha upasuaji bila ugonjwa wowote.

Basi swali la kwanza kwa daktari ni hili: yangu inatoka kwa sababu gani, na je, hakuna namna ya kuiokoa? Usiogope kuonekana mbishi. Kama ni uvimbe wa kansa usiozidi sentimita 4, mara nyingi inawezekana kukata uvimbe wenyewe na kuacha figo iliyosalia. Inategemea umekaa wapi na hospitali ina wataalamu gani, lakini uliza. Kama imeziba, uliza kama inaweza kufunguliwa kwanza. Mimi niliwekewa mpira mwembamba kupitia mgongoni, ukaingia moja kwa moja ndani ya figo na kutoa usaha kwenye mfuko. Nilitembea na mfuko huo wiki tano, shati limefunikwa na koti, nikisubiri kuona kama itaamka.

Swali la pili ni la ile nyingine. Hapa watu wengi wanadanganyika na kipimo cha damu cha kreatinini. Yangu ilikuwa nzuri! Nikamuuliza daktari inakuwaje figo imekufa na damu ni safi. Akanieleza kwamba kipimo hicho kinaonyesha kazi ya figo zote kwa pamoja, hakisemi nani anafanya na nani amelala. Nikaelewa papo hapo, maana ndivyo zilivyo tairi pacha za tela: ya ndani ikiisha upepo, ya nje hubeba mzigo wote, na dereva asiyeshuka kugonga tairi hajui kitu mpaka zote mbili zipasuke. Kwa hiyo omba kipimo cha kila figo peke yake. Kinafanywa kwa dawa yenye mionzi kidogo inayochomwa mshipani, halafu mashine inahesabu kila upande umechuja kiasi gani. Majibu yangu baada ya zile wiki tano: kushoto asilimia 7, kulia 93. Daktari akasema figo ya mtu mzima ikiwa chini ya asilimia 10 na bado inaleta usaha, kuibakiza ni kuufuga ugonjwa.

Mtu huishi na moja? Anaishi. Jambo hili lilithibitishwa zamani. Mjerumani Gustav Simon alimtoa mwanamke mmoja figo kule Heidelberg tarehe 2 Agosti 1869, baada ya kujaribu kwanza kwa mbwa, na yule mama akapona. Figo inayobaki huongeza kazi na hukua kidogo. Haifiki mia kwa mia ya zile mbili. Kwa mtoaji mwenye afya kazi yote hubaki kama asilimia 60 hadi 70 ya ile ya mwanzo, na inatosha kwa maisha ya kawaida.

La tatu ni njia. Kuna upasuaji wa matundu: vitundu vitatu au vinne tumboni, kamera ndani, na mkato mdogo wa kuitolea figo. Aliyefanyiwa hivyo huenda nyumbani baada ya siku mbili tatu. Na kuna wa kufungua, mkato mrefu chini ya mbavu, siku tano hadi saba hospitalini na kupona polepole zaidi. Nilitaka matundu. Daktari akanijibu kwamba figo iliyokaa na usaha muda mrefu huganda na utumbo na nyama za jirani, na kuibandua kwa kamera kunaweza kuleta hatari ya kuvuja damu. Nikafunguliwa. Kovu langu ni sentimita 21, nimelipima kwa tepu ya fundi cherehani wa mtaani kwetu, naye akatoa maoni yake kuhusu mshono, ambayo siyaandiki.

Wiki za kujiandaa

Acha sigara siku ile ile unayopewa tarehe, na isiwe chini ya wiki nne kabla. Nilikuwa navuta pakiti kwa siku. Mtaalamu wa usingizi alinisikiliza kifua akanitazama kama baba anavyomtazama mtoto aliyeiba sukari. Mapafu yenye moshi hukohoa baada ya upasuaji, na kukohoa ukiwa na mshono wa kiunoni ni adhabu ambayo simtakii hata trafiki.

Andika dawa zako zote kwenye karatasi, zote kabisa, hata ile ya mizizi uliyopewa na shangazi. Dawa za kuyeyusha damu, aspirini ikiwemo, husimamishwa siku kadhaa kabla, na siku ngapi ni daktari anayepanga, usijipangie. Wenye kisukari wanaotumia metformini waseme mapema, hata kabla ya siti skani (picha ya mashine ya ndani ya mwili), kwa ajili ya ile dawa ya rangi inayochomwa. Za mitishamba, wacha. Ipo inayoharibu figo moja kwa moja, na aliyekuuzia hajui ni ipi.

Damu. Utaambiwa ulete ndugu wa kuchangia. Kosa letu lilikuwa kuleta watu sita waliojaa kwenye Noah, wawili wakakataliwa kwa sababu walikuwa wamechangia mwezi uliopita kwenye msiba wa ajali. Mwanaume huchangia kila baada ya miezi 3, mwanamke miezi 4. Waulize kwanza kwa simu, na wawe wamekula kabla ya kwenda.

Kama una bima, peleka karatasi za siti skani na za upasuaji mapema. Yangu ilitaka kibali, na kibali kilichukua siku nne za kazi. Mwajiri naye mwandikie barua, usimwambie kwa mdomo tu. Mimi niliandika nitakosekana miezi mitatu. Akapunguza mpaka miwili kwa kalamu nyekundu, halafu tukarudi kwenye miezi mitatu kwa sababu mwili haukuisoma kalamu yake.

Sasa nyumba, ambayo hakuna aliyenikumbusha. Choo chetu ni cha kuchuchumaa. Mtu aliyekatwa kiunoni hachuchumai wiki ya kwanza, hata umlipe. Shemeji yangu alichukua kiti cha plastiki, akakata tundu katikati kwa kisu cha moto, akakiweka juu ya choo. Kitu cha bei ndogo kabisa katika ugonjwa wangu wote, na ndicho kilichoniokoa zaidi. Kitanda nacho kiwe cha kimo cha magoti. Godoro la chini halikufai. Suruali za mkanda ziweke kabatini. Vaa msuli au kikoi, na ufunge fundo upande usio na kidonda.

Kushoto au kulia

Hili nalitenga kwa sababu lilikaribia kuniua.

Barua ya rufaa niliyotoka nayo kituo cha kwanza, ambacho sitakitaja, ilikuwa imeandikwa "figo ya kulia". Siti skani ilisema kushoto. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeibeba barua hiyo kwenye bahasha miezi miwili bila kuisoma, nikiamini ya wakubwa hayasomwi na dereva. Asubuhi ya upasuaji, nikiwa nimelazwa kwenye kitanda cha magurudumu, muuguzi akaniuliza jina langu, umri, na wanakuja kunitoa nini. Nikasema figo ya kushoto. Akatazama faili, akanyamaza, akafunua ukurasa mwingine. Akamwita daktari. Tukasubiri karibu saa nzima wakizileta picha zenyewe, wakaziweka kwenye taa, na daktari akanichora mshale mkubwa kwa kalamu ya wino upande wa kushoto, mimi nikiwa macho na nikikubali.

Baadaye nilijifunza kwamba maswali yale si ya yule dada peke yake. Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya usalama wa upasuaji mwaka 2008: timu huulizana kabla mgonjwa hajalala usingizi, kabla ya kukata, na kabla hajatoka chumbani. Mgonjwa ni nani, anafanyiwa nini, upande gani, ana mzio wa dawa gani. Wakikuuliza jambo moja mara tatu usikasirike ukadhani hawakusikii. Jibu kwa sauti, mara zote tatu.

Kwa hiyo: soma kila karatasi yako. Barua, majibu ya ultrasaundi, siti skani, fomu ya ridhaa. Zote ziseme upande mmoja. Kama husomi vizuri, mtoto wa darasa la sita anatosha. Na kama siku yenyewe hujachorwa alama, iombe kabla hujachomwa sindano ya usingizi.

Siku yenyewe

Chakula cha kutafuna mwisho ni muda wa saa sita kabla ya upasuaji, maji meupe muda wa saa mbili kabla, isipokuwa ukipewa masharti mengine. Usile kwa siri. Tumbo likiwa na chakula, kinaweza kurudi juu ukiwa usingizini kikaingia mapafuni. Jirani yangu wa kitanda alikiri saa tatu asubuhi kwamba alikula chapati mbili alfajiri, akaahirishwa hadi wiki iliyofuata, na wodi nzima tukamsema.

Oga kwa sabuni. Pete, cheni, hirizi na meno ya bandia mpe ndugu. Kwa akina mama: rangi ya kucha itoke, na hina nyeusi isipakwe vidoleni wiki hizo, kwa sababu kile kibanio cha kidoleni kinachopima hewa ya damu kinaweza kushindwa kusoma. Huwezi kuisugua ikatoka asubuhi ile.

Utalazwa ubavu, upande mbovu juu, na meza hukunjwa katikati ili kiuno kifunguke. Nasema hili ili ukiamka na bega au nyonga ya upande mzima inauma usidhani wamekukosea. Upasuaji wangu ulichukua muda wa saa tatu na nusu, kwa mujibu wa mke wangu aliyekuwa kwenye benchi. Kwangu mimi ilikuwa ni kuhesabu mpaka nne.

Siku za kwanza

Utaamka na mipira. Mmoja wa mkojo, mmoja unaotoa damu na majimaji karibu na mshono, na dripu mkononi. Mwambie ndugu anayekulinda asiinue mfuko wa mkojo juu ya kitanda wakati wa kukuhamisha. Ubaki chini ya kiuno, la sivyo mkojo hurudi. Wauguzi wataandika kila kiasi kinachotoka. Usimwage kitu kabla hakijapimwa. Mkojo ule ndio salamu ya figo iliyobaki, na ninakiri niliutazama mfuko ule ukijaa kwa furaha niliyowahi kuipata tu nikitazama geji ya mafuta.

Kuinuka kuna ufundi wake. Usikae ukitokea chali. Geukia ubavu usio na mshono, kunja magoti, shusha miguu nje ya kitanda, halafu jisukume kwa kiwiko; uzito wa miguu utakusaidia kupanda. Kaa dakika mbili ndipo usimame, kizunguzungu ni cha kawaida. Mimi nilisimamishwa siku iliyofuata asubuhi, nikasema hawa watu hawana huruma. Kumbe anayelala tu damu inaweza kuganda miguuni, kipande kikapanda mapafuni. Tembea hata hatua kumi, hadi mlangoni na kurudi.

Pumua kwa kina mara kumi kila saa ukiwa macho. Ukitaka kukohoa, kumbatia mto, uubane juu ya mshono, ndipo ukohoe. Kucheka ni vilevile, kwa hiyo wazuie wageni wenye maneno. Tingo wangu alikuja na habari za lori letu lililokwama Mikumi tembo wakiwa barabarani, nikamfukuza.

Maumivu usiyavumilie kiume. Mtu anayeumia hapumui vizuri wala hatembei. Sema mapema, dawa ifike kabla maumivu hayajapanda. Waliofanyiwa kwa matundu watashangaa bega kuwauma: ni ile hewa iliyojazwa tumboni, huisha siku chache. Chakula huanza taratibu, na wauguzi watakuuliza kama umejamba. Ndiyo, ni swali la kitabibu. Ni dalili kwamba utumbo umeamka. Mimi niliyejibu kwa aibu siku ya pili, siku ya tatu nilitangaza mwenyewe.

Dawa kali za maumivu hufunga choo. Papai, maji, kutembea, na ukishindwa omba dawa ya kulainisha. Kujikamua ni kuuvuta mshono.

Nyumbani

Usinyanyue kinachozidi kilo 5 kwa wiki sita. Dumu la maji la lita 5 ndiyo mwisho wako. Mtoto usimbebe, akukalie ukiwa umekaa. Kufunga turubai, kubadili tairi, kupanda kwenye kichwa cha lori kwa kujivuta na mkono: bado. Ukilazimisha, nyama za ndani zilizoshonwa huachia, na hapo hupata ngiri ya kwenye kovu, upasuaji mwingine.

Kidonda kiwe kikavu. Niliambiwa nikioge kwa maji safi na sabuni baada ya bandeji kutoka, nikikaushe kwa kugusa, bila asali, bila majivu, bila unga wa vidonge. Nyuzi zilitolewa siku ya kumi na mbili. Nikiwa bado nyumbani niligundua ngozi chini ya kovu haina hisia na ubavu umetuna kidogo upande ule, nikaingiwa na hofu. Ni neva iliyopita pale kuguswa wakati wa kukata. Hisia ilirudi nusu. Uvimbe ule mdogo bado upo, shati linaufunika.

Rudi hospitali bila kusubiri kliniki ukiona homa ya nyuzi 38 au zaidi, usaha au harufu kwenye kidonda, mguu mmoja kuvimba na kuuma, kubanwa kifua au pumzi kukatika, kutapika kusikokoma, au mkojo wa damu au uliopungua ghafla.

Kuendesha: gari dogo nilianza wiki ya saba. Kipimo changu kilikuwa kukanyaga breki kwa nguvu zote, gari likiwa limesimama, bila uso kukunjamana, na nikiwa nimemaliza dawa za maumivu zinazoleta usingizi. Mkanda wa gari nilivaa, na khanga iliyokunjwa kati yake na kovu. Lori nilirudi baada ya miezi mitatu, na safari ya kwanza nikaishia Morogoro.

Sasa mambo ya chumbani, maana ndilo swali linaloulizwa kwa sauti ndogo kule Tunduma. Kwetu kiuno ndiyo uanaume, na figo iko kiunoni, basi watu wanajumlisha wenyewe. Figo huchuja damu. Nguvu za kiume haziko humo. Subiri mshono upone, wiki nne hadi sita, na anza kwa mkao usiokulazimisha kujikunja. Kinachomwangusha mtu ni woga. Mke wangu alimwuliza muuguzi waziwazi mbele yangu, mimi nikitazama ukuta, na jibu lile lilitusaidia kuliko vidonge vinavyouzwa stendi.

Na maneno ya watu. Nilirudi mtaani nimekonda, nina kovu, na mwezi huohuo tukaezeka nyumba kwa mabati tuliyonunua zamani. Ikawa basi: kauza figo. Wengine wakasema nimeibiwa nikiwa nimelala. Ushauri wangu, omba nakala ya taarifa ya upasuaji kabla hujaruhusiwa, ihifadhi pamoja na picha za siti skani. Si kwa ajili ya majirani tu. Daktari yeyote utakayekutana naye ukiwa safarini, Mbeya au Ndola, atataka kujua ni ipi iliyotoka na kwa nini. Kipande cha figo pia hupelekwa maabara kuchunguzwa, na majibu huja baadaye, wakati mwingine baada ya wiki kadhaa. Yafuate! Wapo wanaopona kidonda wakasahau majibu, na ndani yake kuna neno kansa. Yangu yalisema ni uharibifu wa muda mrefu wa usaha na mawe, basi.

Ile iliyobaki

Diklofenaki, ibuprofeni na ndugu zao nimeziacha moja kwa moja. Kichwa kikiuma nameza parasetamo kwa kipimo. Kila nikiingia duka la dawa naanza na sentensi moja: "Nina figo moja." Inashangaza jinsi mkono wa muuzaji unavyobadilisha rafu.

Maji nakunywa kiasi cha kukojoa kama lita mbili na nusu kwa siku, kwa sababu mimi ni mtu wa mawe. Mwenye moyo mbovu au figo iliyokwisha kuchoka asiniige, apangiwe chake. Mkojo nautaka uwe na rangi ya maji yaliyokamuliwa ndimu kidogo. Chumvi nimepunguza, dagaa wakavu nawaloweka. Presha napima mwenyewe kwa mashine ndogo iliyo ndani ya lori, kwani presha ikipanda huila figo polepole. Na kila mwaka napima kreatinini na protini kwenye mkojo.

La hatari kwa mwenye figo moja ni jiwe. Kwa mwenye mbili, likiziba upande mmoja, mwingine unaendelea. Kwetu sisi, kiuno cha upande uliobaki kikianza kuuma kwa mawimbi, au mkojo ukikatika kabisa kwa saa kadhaa huku unakunywa, hiyo ni safari ya hospitali usiku huohuo, si kesho baada ya kushusha mzigo. Nimeshaegesha lori Ilula saa nane usiku kwa maumivu ya namna hiyo, nikapiga simu kwa mwenye mzigo nikiwa tayari ndani ya bajaji. Yalikuwa ya msuli tu. Yule daktari kijana wa zamu hakunicheka, alipima, akanionyesha kwenye ultrasaundi figo yangu ya kulia ikiwa safi, sentimita 12 na ushee.

Turubai siku hizi anafunga tingo. Mimi nasimama chini na chupa yangu ya maji, namwelekeza kamba ipite wapi.